Shule ichague rangi, ngozi ichague kitambaa

Sare ya shule ndiyo nguo inayokaa muda mrefu zaidi kwenye mwili wa mtoto wa Afrika Mashariki. Huivaa kabla jua halijapanda, hutembea nayo kwenye vumbi au husongamana nayo ndani ya daladala, huketi nayo darasani mchana kutwa, hucheza nayo mpira wakati wa mapumziko, na wengi huivua jioni giza likikaribia. Kwa mtoto mwenye ngozi tulivu hiyo ni nguo tu. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, kola ngumu, bitana ya nailoni au sweta inayochoma vinaweza kuamua kama atasikiliza somo la hesabu au atamaliza kipindi akijikuna chini ya dawati.

Hoja ya makala haya ni moja. Shule ziendelee kuchagua rangi na mshono wa sare, maana hilo ni jambo lao. Lakini pale ambapo ngozi ya mtoto inaugua, au inahitaji kinga ya pekee, aina ya kitambaa iachwe mikononi mwa mzazi na mhudumu wa afya. Ruhusa hiyo iandikwe kwenye kanuni za shule na isitegemee huruma ya mwalimu mmoja mwenye moyo mwema, ambaye mwakani huenda akahamishwa.

Pumu ya ngozi, ambayo pia huitwa ekzema au ukurutu, haitokani na uchafu na haiambukizi. Mara nyingi huanza utotoni, hupungua, hurudi, na kwa baadhi ya watu hudumu hadi utu uzima. Katika baadhi ya nchi huwapata hadi asilimia 20 ya watoto, na aghalabu huandamana katika ukoo mmoja na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Kiini chake ni ngozi iliyopungukiwa na kinga yake ya juu. Ni kama paa la makuti lililochakaa: unyevu wa ndani hutoroka, na vitu vya nje kama vumbi, sabuni na vijidudu hupenya. Ngozi hukauka na kuwasha, mtoto hujikuna, mikwaruzo hufungua njia zaidi, na muwasho huzidi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee nchini Uskoti, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kuwa hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini huongeza sana uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Kwa Waafrika hitilafu hiyo haionekani mara nyingi kama kwa Wazungu, jambo linaloonyesha kwamba ugonjwa una njia zaidi ya moja za kuingia. Muwasho, hata hivyo, ni uleule.

Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu huwapita macho wasioujua. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ambako sehemu iliyowaka huonekana nyekundu. Kwa Mwafrika, sehemu hiyohiyo huwa ya kijivu, ya zambarau au nyeusi kuliko ngozi iliyoizunguka, mara nyingi ikiwa na vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo. Inapopona huacha mabaka meusi au meupe yanayokaa miezi. Basi mwalimu asiyeelewa humwona mtoto mwenye upele, mtoto asiyeogeshwa nyumbani, au mtoto mtukutu asiyetulia kitini. Humtenga nyuma ya darasa, na wenzake hukataa kukaa naye. Aibu hiyo huja juu ya ugonjwa ambao tayari umemnyima usingizi usiku.

Nguo huingia katika habari hii kwa milango mitatu: joto na jasho, msuguano, na kemikali zilizobaki kwenye kitambaa.

Tuanze na joto. Sehemu kubwa ya sare zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kwa poliesta, au kwa poliesta iliyochanganywa na pamba. Nyuzi za poliesta zilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, na wazee wetu walizizoea kwa majina ya terilini na tetroni. Wazazi wanazipenda kwa sababu za haki kabisa. Hazikunjamani, hukauka upesi, rangi haipauki haraka, na kaptula moja inaweza kupita kwa ndugu wawili. Tatizo ni jasho. Katika hewa ya kawaida, pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifikii hata asilimia 1. Mtoto wa Tanga au Mombasa, mwezi Februari, akiwa ndani ya shati zito la poliesta lisilopitisha hewa, hukaa na jasho lake mwilini. Chumvi ya jasho ikigusa ngozi iliyochubuka huchoma, na joto peke yake huamsha muwasho hata pasipo kidonda.

Nyanda za juu zina shida ya namna nyingine. Njombe au Limuru sweta si pambo, ni lazima. Lakini nyingi hufumwa kwa akriliki au kwa sufu nene, na huvaliwa zikigusa shingo na vifundo vya mikono moja kwa moja. Hapo mlango wa pili hufunguka, yaani msuguano. Sufu inasingiziwa mzio, lakini kwa kawaida kosa lake ni unene. Uzi wenye kipenyo cha takribani maikromita 30 au zaidi ni mgumu kiasi cha kuchoma ncha za neva za ngozi. Ulio mwembamba zaidi hujipinda ukigusa mwili. Jambo hili lilipimwa mjini Melbourne, Australia. Timu ya daktari John Su iliwavisha watoto 39 wenye pumu ya ngozi, wote chini ya miaka mitatu, nguo za sufu laini kabisa ya merino kwa majuma kadhaa, kisha nguo za pamba kwa muda uleule, ingawa baadhi yao walianza na pamba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa wakiwa na merino hali ya ngozi yao ilikuwa nafuu zaidi. Sufu ya namna hiyo ni ghali na haipatikani kirahisi hapa kwetu. Funzo lake ndilo linalotufaa: kitambaa kipimwe kwa wembamba wa uzi, ulaini na upitishaji wa hewa, kwa maana jina pekee halitoshi.

Kwa sababu hiyohiyo, hata pamba isitukuzwe kupita kiasi. Shati la pamba lililotiwa wanga mpaka kola ikasimama yenyewe linaweza kukwaruza shingo kuliko la poliesta laini. Pamba iliyolowa jasho hukaa na maji, huwa nzito, na hukwangua kwapa na mapaja. Anayevaa pamba kwenye joto anahitaji pia kubadili nguo, na kwa mwanafunzi hiyo ina maana ya kuruhusiwa kubeba fulana ya pili kwenye begi na kupewa dakika chache za kuivaa baada ya michezo.

Wapo wanaouza nguo za bei kubwa kwa ahadi ya uponyaji, na hapa wazazi wanastahili kuambiwa ukweli. Uingereza, watafiti wakiongozwa na Kim Thomas wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliwafuatilia watoto 300 wenye umri wa mwaka 1 hadi 15, wenye pumu ya ngozi ya wastani au kali. Nusu yao waliendelea na matibabu ya kawaida, na nusu nyingine waliongezewa nguo maalumu za hariri za kuvaa ndani. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Nguo, hata iwe ya hariri, haichukui nafasi ya mafuta ya kulainisha ngozi na dawa za kupaka alizoelekeza mhudumu wa afya. Kazi yake ni kutoongeza mateso, na kazi hiyo hata shati la bei nafuu huiweza likichaguliwa vizuri.

Mlango wa tatu, kemikali, ndio mgumu kuuona kwa macho. Nguo mpya hutoka kiwandani na dawa za kuifanya isikunjamane, nyingi zikiwa za jamii inayoachia formaldehaidi kidogo kidogo. Japani ina sheria ya mwaka 1973 inayodhibiti kemikali hiyo katika nguo, na ni kali zaidi kwa nguo za watoto wachanga. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 75 kwa kila kilo ya nguo tangu Novemba 2023. Kuna pia rangi. Mwaka 2000 chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi nchini Marekani kilizitangaza rangi za jamii ya Disperse Blue kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, kwa kuwa mbili kati yake, namba 106 na 124, zilikuwa zikiwaletea watu vipele pale kitambaa kinapobana: kwapani, ndani ya mapaja, shingoni. Rangi hizo hutumika kwenye poliesta na bitana za buluu iliyokoza na nyeusi, ambazo ndizo rangi za sketi, suruali na sweta za shule nyingi.

Hata chuma kina sehemu yake. Kipele kisichopona chini ya kitovu mara nyingi huwa ni mzio wa nikeli iliyomo kwenye bizimu ya mkanda au kifungo cha jinzi. Denmark ilianza kudhibiti nikeli kwenye vitu vinavyogusa mwili mwaka 1990, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 1994, na mzio huo ukapungua miongoni mwa wasichana wa Denmark waliokua baada ya sheria. Kwa mtoto wetu, suluhisho ni dogo: lastiki iliyofunikwa kwa kitambaa badala ya mkanda, au kipande cha pamba kilichoshonwa nyuma ya kifungo. Fundi cherehani yeyote hulifanya hilo kwa muda mfupi. Linalobaki ni shule kukubali kwamba suruali isiyo na mkanda bado ni sare.

Msomaji makini anaweza kuuliza: kama ndivyo, kwa nini serikali isiamuru tu kwamba sare zote ziwe za pamba? Jibu liko kwa watoto wenye ualbino.

Wao wana hali ya kuzaliwa ambayo ngozi haina, au ina kidogo sana, rangi inayoikinga na jua. Karibu na ikweta, jua hilo huwaletea saratani ya ngozi mapema, na ndiyo iliyowakatisha wengi maisha wangali vijana. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mjini humohumo hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini mafuta huisha na huoshwa na jasho. Nguo hubaki. Mtoto huyu anahitaji mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, kofia yenye ukingo mpana, na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Fulana nyepesi nyeupe ya pamba, ambayo ingemfaa mwenzake mwenye pumu ya ngozi, humwachia jua lipite, na ikilowa hupitisha mionzi zaidi. Poliesta iliyofumwa vizuri huzuia mionzi hiyo kuliko pamba nyepesi. Watoto wawili kwenye dawati moja, kila mmoja na ngozi yake, wanahitaji vitambaa vinavyopingana. Amri moja ya kitambaa kwa wote, hata ikiwa na nia njema, itamwumiza mmoja wao. Ndiyo maana hoja hii haidai pamba kwa kila mtu, inadai nafasi ya kuchagua.

Watu wazima nao wamo. Mlinzi wa getini, mhudumu wa hoteli na mfanyakazi wa kiwandani huvaa sare za mwajiri kwa zamu ndefu, tena nyingi za kitambaa kizito. Kwa mwenye soriasisi, ugonjwa unaotoa mabaka mazito yenye magamba, msuguano una hatari yake mahususi. Daktari Mjerumani Heinrich Köbner alieleza mwaka 1872 kwamba ngozi ya mgonjwa wa soriasisi ikijeruhiwa, mabaka mapya yanaweza kuota palepale penye jeraha. Mkanda unaobana kiunoni, lastiki ya soksi au ukanda wa sidiria vinaweza kuchora mstari wa ugonjwa mwilini. Kisha kuna rangi: kwenye koti jeusi magamba yanayodondoka mabegani huonekana na kila mpita njia, na watu huyadhania uchafu. Mwajiri anayekubali shati la rangi nyepesi zaidi na mkanda usiobana hapotezi chochote, na mfanyakazi hubaki kazini akiwa na heshima yake.

Serikali zetu haziwezi kusema hazijaambiwa. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, ukizitaka nchi zipambane na unyanyapaa wake. Mei 2025 mkutano huohuo ulipitisha azimio pana linalotambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Maazimio ya mkutano huo wa Geneva hushuka hadi kijijini kupitia mambo madogo yanayotekelezeka, na kanuni ya sare ni mojawapo ya yale yasiyohitaji bajeti mpya.

Wapo watakaopinga, na mapingamizi yao yanastahili jibu.

La kwanza ni usawa. Sare ilikusudiwa kuwafanya mtoto wa tajiri na wa maskini wafanane, na walimu wanahofu kwamba kulegeza kitambaa kutafungua mlango wa mashindano ya mavazi. Hofu hiyo ina msingi, lakini rangi ikiwa ileile na mshono ukiwa uleule, nani atatofautisha shati la pamba na la poliesta kwenye mstari wa asubuhi? Mtoto anayejikuna mpaka damu ikatoka kwenye kola nyeupe ndiye anayeonekana tofauti.

La pili ni udanganyifu: kila mzazi atadai mwanawe ni mgonjwa. Lakini mzazi atadanganya apate nini? Shati la pamba huhitaji pasi kila siku na huchakaa mapema. Atakayeomba ruhusa hiyo ana sababu. Wala shule zisidai barua ya daktari bingwa wa ngozi. Mabingwa hao ni wachache na wengi wako mijini, na kumtaka mzazi wa Simiyu au Turkana asafiri kuwatafuta ni kumnyima ruhusa kwa mlango wa nyuma. Maandishi ya mganga wa zahanati au kadi ya kliniki yatosha.

La tatu ni gharama, na hili ndilo zito. Zipo shule zinazoelekeza wazazi wanunue sare kwenye duka moja tu, na wizara ya elimu ya Kenya imewahi kuzionya shule za namna hiyo. Mzazi aliyefungwa na duka moja hawezi kuchagua kitambaa hata akitaka. Akiachiwa huru, atapata njia za bei nafuu: kununua mita kadhaa za pamba na kumpelekea fundi, au kurithisha sare ya kaka mtu, ambayo imeoshwa mara nyingi hadi ikalainika na dawa za kiwandani zikaisha. Tanzania hulima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa husafirishwa nje kabla ya kusokotwa. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa ndoto ya kuwavisha Watanzania pamba yao wenyewe. Watoto wa shule ni soko kubwa lisilokauka. Viwanda vinavyosokota na kufuma pamba hapa nyumbani vingefaidika kama shule zingeanza kuiulizia.

Wakati kanuni zinasubiriwa, familia hazina haja ya kukaa bure.

Kwanza, mjue kitambaa mnachonunua. Lebo za mitumba huandika asilimia za nyuzi, na inafaa kuzisoma kabla ya kulipa. Penye jora lisilo na lebo, wauza vitambaa na mafundi wana kipimo cha miaka mingi: huchomoa nyuzi chache na kuziwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu jeusi. Sufu na hariri hunuka kama unywele ulioungua. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili zote mbili. Kipimo hicho kifanywe na mtu mzima, mbali na nguo nyingine. Kinafaa hata kwa kanga, kwani sokoni siku hizi kuna za pamba tupu na kuna za poliesta, na ya poliesta haifai kumfunika usiku mtoto anayewashwa.

Pili, nguo mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Sabuni ya mche au ya unga ikibaki kwenye nyuzi huwasha kama kitambaa kibaya, kwa hiyo kusuuza kuna uzito kuliko kusugua. Penye shida ya maji, ni bora kutumia sabuni kidogo na kusuuza vizuri kuliko kupata povu jingi lisilotoka. Wanga na manukato ya kufulia viachwe kabisa kwa nguo za mgonjwa.

Tatu, kama sare haibadilishiki, ibadilishwe inachogusa. Singlendi ya pamba yenye mikono, ikivaliwa nje ndani ili mishono isiguse ngozi, humkinga mtoto na sweta na shati kwa pamoja. Lebo ya shingoni itolewe kwa kufumua uzi wake, maana ikikatwa kwa mkasi huacha kingo kali kuliko mwanzo. Kola inaweza kushonewa kipande cha kikoi kuukuu kwa ndani. Soksi za pamba zichukue nafasi ya za nailoni.

Kuna tahadhari moja ambayo haijasemwa vya kutosha katika nchi zetu, nayo ni ya moto. Wagonjwa wa ngozi hupaka mafuta mazito kila siku, mengi ya jamii ya mafuta ya mgando, na mafuta hayo hujipaka kwenye nguo, shuka na bandeji. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba kitambaa kilichonyonya mafuta ya kulainisha ngozi hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi, baada ya vifo zaidi ya 50 nchini humo kuhusishwa na jambo hilo. Kufua hupunguza mafuta hayo lakini hakuyamalizi. Kwetu, ambako wengi hupikia jiko la mkaa, kuni au gesi sakafuni, na kibatari bado kinawaka katika nyumba nyingi, onyo hilo lina uzito mkubwa zaidi. Anayejipaka mafuta asikaribie moto akiwa na mikono mipana inayoning'inia, na kanga anayojifunika usiku isitumiwe kushikia sufuria.

Hayo ni ya nyumbani, na akina mama wengi wameyagundua wenyewe bila kuambiwa na mtu. Kuyaacha yote mabegani mwao si haki. Mama anaweza kugeuza singlendi na kufumua lebo, lakini hawezi peke yake kumzuia mwalimu wa zamu asimrudishe mtoto nyumbani kwa kuvaa sweta isiyotoka duka la shule.

Kwa hiyo wizara za elimu za Tanzania, Kenya na Uganda ziweke katika miongozo yao ya sare sentensi isiyo na utata: mwanafunzi mwenye ugonjwa wa ngozi au ualbino aruhusiwe kuvaa kitambaa, urefu wa mikono, kofia na mkanda vinavyomfaa kiafya, mradi rangi ni ya shule, na asiadhibiwe wala kutengwa kwa ajili hiyo. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, yahakikishe kuwa kila jora na kila sare iliyoshonwa inauzwa ikiwa na lebo ya Kiswahili inayotaja nyuzi zilizotumika. Vyuo vya ualimu vifundishe namna pumu ya ngozi inavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, na kwamba haiambukizi. Na bodi za shule zisisubiri wizara: kikao kimoja cha wazazi na walimu kinatosha kuipitisha sentensi hiyo, kuibandika kwenye ubao wa matangazo, na kuwaarifu walimu wote wa zamu.